Kuchagua Kaliba na Msokoto wa Mtutu kwa Shabaha ya Mbali: Mwongozo kwa Walengaji wa Tanga

Mtu anayetaka kuanza kulenga shabaha ya mbali kwa kawaida huuliza kwanza jina la bunduki, kisha hutafuta risasi zake, na mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha kutoka mfukoni, ndipo husikia kwamba mtutu alionunua haulingani na risasi anazoweza kupata. Mwongozo huu unashauri mpango wa kinyume: anza na umbali, nenda kwenye risasi zinazopatikana, chagua kichwa cha risasi, tafuta msokoto unaokifaa kichwa hicho, na jina la bunduki liwe jambo la mwisho. Umeandikwa kwa ajili ya wenye leseni katika mkoa wa Tanga, ambako mlengaji anaweza kupiga asubuhi usawa wa bahari na siku ya pili akawa katika milima ya Usambara, na tofauti hiyo ya mwinuko, kama itakavyoonekana, inaingia moja kwa moja katika hesabu ya msokoto.

Katika maelezo yote yanayofuata, risasi ni kitu kizima kinachoingia katika chemba, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa, na kichwa ni kile tu kinachotoka mdomoni mwa mtutu. Kaliba ni kipenyo cha kichwa, kikiandikwa kwa milimita au kwa sehemu ya inchi kama .308, na jina linalofuata, kama Winchester au Creedmoor, hutaja aina ya risasi. Msokoto ni umbali ambao kichwa husafiri ndani ya mtutu hadi kikamilishe mzunguko mmoja kwa kufuata mifereji iliyochongwa ndani yake. Msokoto wa 1:8 una mzunguko mmoja katika kila inchi 8, na kadiri namba hiyo ya pili inavyopungua ndivyo msokoto unavyokuwa mkali. Mitutu mingi ya Ulaya huandikwa kwa milimita, hivyo ukikuta 203 ujue ni inchi 8, na ukikuta 254 ujue ni inchi 10.

Hatua ya kwanza: amua kazi na umbali

Kulenga shabaha ya karatasi au ya chuma umbali wa mita 600 ni kazi moja, na kuwinda katika vichaka vya Handeni na Kilindi ni kazi nyingine kabisa. Vichakani, mnyama huonekana karibu, na mwindaji anayejali kazi yake hutafuta namna ya kusogea badala ya kupiga kutoka mbali, kwa sababu mnyama anaweza kupiga hatua moja wakati kichwa bado kiko hewani na akaondoka na jeraha. Kwa hiyo yote yasemwayo hapa kuhusu masafa marefu yanahusu shabaha isiyo hai. Anayewinda atazame kwanza masharti ya leseni yake ya uwindaji, kwa kuwa kanuni huweka kiwango cha chini cha kaliba kulingana na aina ya mnyama, na si jambo la kukisia.

Kama lengo lako ni mashindano, huenda uchaguzi umeshafanywa na kanuni za mashindano yenyewe. Shindano la kimataifa la mita 300, ambalo duara lake la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 100, huruhusu kaliba isiyozidi milimita 8. Aina ya mashindano iitwayo F-TR hukubali .223 Remington na .308 Winchester peke yake. Soma kanuni kabla ya kusoma tangazo la muuzaji.

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usiagize wala usilipie kitu kabla kibali hakijatoka, na uhakikishe kwamba kaliba iliyoandikwa katika kibali ndiyo hasa unayokusudia kuitumia kwa miaka mingi. Piga katika uwanja ulioidhinishwa wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Kichwa cha .308 kilichorushwa juu kidogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na bahari iliyo wazi si tuta, maana huko wako wavuvi ambao jicho la mlengaji haliwaoni.

Hatua ya pili: jua risasi utakazozipata kihalali

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni na uulize mambo matatu: ni kaliba zipi anazoziingiza mara kwa mara, kwa kila kaliba ana vichwa vya uzito gani, na kama ataweza kukupatia aina ileile tena mwakani. Mlengaji wa mbali anahitaji mwendelezo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila anapobadili aina ya risasi hulazimika kuanza upya kuijua bunduki yake. Kaliba nzuri ya kusimuliwa ambayo risasi zake hufika nchini kwa bahati ni mzigo, na .308 ya kawaida yenye risasi za uhakika itamfundisha mtu mengi zaidi.

Hatua ya tatu: linganisha kaliba kwa upepo, si kwa nguvu

Wengi hupima kaliba kwa ukubwa wa ganda na nguvu ya teke lake begani. Kwa shabaha ya mbali kipimo hicho hakisaidii. Kichwa kushuka kwa mvuto wa dunia ni jambo linalojulikana na kurekebishwa kwenye darubini, kwa kuwa mvuto haubadiliki kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Upepo hubadilika, na mlengaji wa pwani analijua hilo: kaskazi inayovuma tangu Desemba hadi Machi haina tabia moja na kusi inayoshika miezi ya katikati ya mwaka, na mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa baharini huingia juu ya yote hayo. Uwanja wenye minazi pembeni hukuonyesha upepo kwa makuti, lakini makuti ya juu na nyasi za chini mara nyingi hazisemi jambo moja.

Ili kujua kaliba inavyovumilia upepo, kuna kanuni rahisi. Chukua muda ambao kichwa hutumia kufika kwenye shabaha, toa muda ambao kingetumia kama kisingepunguzwa kasi na hewa hata kidogo, kisha zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo unaokata njia. Jibu ndilo umbali ambao kichwa kitasukumwa pembeni. Kumbe kinachomdhuru mlengaji ni ule muda uliopotezwa na ukinzani wa hewa, na ndiyo maana kichwa chembamba, kirefu na kilichochongoka vizuri hukishinda kichwa kinene chenye uzito mkubwa zaidi.

Tuchukue .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, ikiwa na kichwa cha greni 175 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) kinachotoka kwa mita 790 kwa sekunde. Kufika mita 600 hutumia karibu sekunde 0.97, ilhali pasipo hewa kingetumia sekunde 0.76. Upepo wa mita 4 kwa sekunde utakisukuma takriban sentimita 80. Sasa tuchukue 6.5 Creedmoor, iliyobuniwa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, ikiwa na kichwa cha greni 140 kinachotoka kwa mita 820 kwa sekunde: upepo uleule utakisukuma chini kidogo ya sentimita 60. Kichwa chepesi zaidi, chenye teke dogo zaidi begani, kimepunguza robo nzima ya kosa la upepo. Kwa maoni yangu hakuna hoja nyingine kuhusu kaliba inayoizidi hii.

Zipo hoja za upande wa pili, na ni za haki. Mtutu wa .308 huvumilia maelfu ya risasi, mara nyingi 5,000 na zaidi, kabla mwanzo wa mifereji haujaliwa na moto wa baruti, wakati ule wa 6.5 Creedmoor hutarajiwa kubaki katika ubora wa mashindano kwa risasi 2,500 hadi 3,000 hivi, na wa .300 Winchester Magnum huwahi kuchoka kuliko zote mbili. Huku kwetu kubadilisha mtutu si jambo la kwenda dukani na kurudi, kwa hiyo umri wa mtutu uhesabiwe kama sehemu ya bei ya bunduki.

Nikitoa ushauri wa moja kwa moja: kwa anayeanza, ambaye shabaha zake hazitazidi mita 600, .308 inatosha na inafundisha kusoma upepo kwa sababu haifichi makosa. Kwa anayekwenda mita 800 hadi 1,000, kaliba ya milimita 6.5 ndiyo yenye busara, iwe Creedmoor au 6.5×55 ya Sweden, ambayo ni ya mwaka 1894 na bado haijapitwa na wakati. .300 Winchester Magnum na .338 Lapua Magnum zibaki kwa wenye sababu maalumu, kwa kuwa teke lake humfanya mtu aanze kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia mwilini haitoki kwa urahisi. Na .223 haipaswi kudharauliwa hadi mita 300 au 400, mradi mtutu uwe na msokoto mkali wa kubeba vichwa vizito.

Hatua ya nne: tafuta msokoto unaokifaa kichwa

Hapa ndipo penye uzito wa mada nzima. Kichwa cha risasi kilichochongoka kina asili ya kutaka kugeuka kinapokutana na hewa, kwa sababu hewa hukisukuma mbele ya kitovu chake cha uzito. Kinachokizuia ni kuzunguka kwa kasi, kama pia ya kuchezea inavyosimama wima muda wote inapozunguka na kuanguka inapopungua mwendo. Kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu kwa kulinganisha na kipenyo chake, ndivyo kinavyohitaji kuzunguka kwa kasi zaidi. Neno la kushika hapa ni urefu. Watu husema kwamba kichwa kizito huhitaji msokoto mkali, na mara nyingi huwa hivyo kwa kuwa kichwa kizito cha kaliba ileile huwa kirefu, lakini vichwa vya shaba tupu vinaonyesha ukweli ulivyo: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi na hudai msokoto mkali zaidi.

Historia ya mji wetu ina mfano wa jambo hili. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya kaliba ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi yenye moshi, na kichwa chake kilikuwa kifupi na kinene. Mtutu wake ulitosheka na msokoto wa polepole wa mzunguko mmoja katika karibu inchi 22. Upande wa pili kulikuwa na Lee-Enfield ya .303, yenye kichwa chembamba na kirefu, na msokoto wake ulikuwa 1:10. Kichwa kilipokonda, mifereji ililazimika kukaza.

Mfano wa pili ni wa kibiashara. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilitoa kaliba mbili zenye kipenyo kimoja cha vichwa. Winchester ilitoa .243 kwa msokoto wa 1:10, na Remington ilitoa .244 kwa msokoto wa 1:12. Wanunuzi walitaka vichwa vya greni 100 kwa ajili ya kuwinda, na mtutu wa 1:12 ulionekana haufai kwa vichwa hivyo. Remington ikalazimika kuirudisha kaliba ileile mwaka 1963 kwa jina jipya la 6mm Remington na msokoto wa 1:9, lakini .243 ilikuwa imekwisha kuteka soko. Inchi chache za msokoto ziliamua kaliba ipi ipendwe na ipi isahauliwe.

Kwa hesabu ya haraka, tumia kanuni ya George Greenhill, mwanahisabati Mwingereza aliyeitoa mwaka 1879: zidisha 150 kwa kipenyo cha kichwa kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Kichwa cha 6.5 chenye kipenyo cha inchi 0.264 na urefu wa inchi 1.35 hutoa jibu la 7.7, yaani kinataka msokoto wa 1:8 hivi. Kichwa cha .308 chenye urefu wa inchi 1.24 hutoa 11.5.

Kwa uamuzi wa kununua, hata hivyo, tumia kanuni ya Don Miller iliyochapishwa mwaka 2005, kwa kuwa inaingiza uzito na hutoa kipimo cha uthabiti badala ya jibu moja la msokoto. Andika urefu wa kichwa na urefu wa msokoto kwa idadi ya vipenyo badala ya inchi, halafu:

uthabiti = (30 × uzito kwa greni) ÷ (msokoto² × kipenyo³ × urefu × (1 + urefu²))

Kipenyo peke yake hubaki katika inchi. Kwa kichwa chetu cha 6.5 cha greni 140, urefu ni 1.35 ÷ 0.264, yaani vipenyo 5.11, na msokoto wa 1:8 ni vipenyo 30.3. Sehemu ya juu ni 4,200. Sehemu ya chini ni takriban 2,345. Jibu ni 1.79. Kanuni hii imejengwa juu ya kasi ya futi 2,800 kwa sekunde, na kwa kasi ya futi 2,700, iliyo karibu na ile mita 820 ya kichwa chetu, jibu hushuka kidogo hadi 1.77. Ukirudia hesabu kwa kasi hiyo na msokoto wa 1:9 utapata 1.40, na kwa 1:10 utapata 1.13.

Namba hizo husomwa hivi. Chini ya 1 kichwa hupinduka hewani. Kati ya 1 na 1.3 hali ni ya mashaka, na baridi kidogo au hewa nzito huweza kuharibu kila kitu. Kuanzia 1.5 kichwa huwa kimetulia na hukata hewa kwa ubora wake wote, na hiyo ndiyo namba ya kulenga. Kati ya 1.3 na 1.5 kundi la matundu kwenye karatasi linaweza kuonekana zuri kwa mita 100, ilhali kichwa kinayumba kidogo njiani na kupoteza kasi kuliko inavyopaswa, hasara ambayo mlengaji huiona tu anapofika mita 700.

Sasa turudi kwenye pwani na milima. Kanuni ya Miller huhesabiwa kwa nyuzi joto 15 usawa wa bahari, na hewa nyepesi huongeza uthabiti. Tanga mjini, kwenye nyuzi 30, jibu huongezeka kwa asilimia 5 hivi. Lushoto, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na nyuzi 20, huongezeka kwa karibu asilimia 20. Bunduki ya 6.5 yenye msokoto wa 1:10 ambayo kule juu inapata 1.36 na kumridhisha mwenyewe, ikishuka hapa mjini itapata 1.19, na mwenyewe atailaumu darubini, kitako, hata bega lake. Anayenunua bunduki iliyokwisha kutumika kutoka Arusha, ambako mwinuko ni kama wa Lushoto, asiridhike na karatasi za shabaha za huko. Afanye hesabu kwa hewa ya pwani, kwa kuwa mtutu unaofaa usawa wa bahari utafaa pia mlimani, na kinyume chake hakina uhakika.

Je, msokoto unaweza kuzidi? Unaweza, ila madhara yake ni madogo kuliko ya upungufu. Mtutu wa 1:8 ukitoa kichwa kwa mita 823 kwa sekunde hukizungusha mara 243,000 kwa dakika. Vichwa vyepesi vyenye gamba jembamba la nje la shaba, vikifikishwa karibu na mizunguko 300,000, huweza kupasuka kabla ya kufika. Pia kasoro ndogo ya ulinganifu katika kichwa hukuzwa na mzunguko mkali. Ukisita kati ya misokoto miwili kwa vichwa vya shabaha vilivyotengenezwa vizuri, chukua ulio mkali.

Misokoto inayofaa kuombwa kwa kaliba za kawaida ni hii: .223 kwa vichwa vya greni 69 hadi 80, 1:8 au 1:7; .243 kwa vichwa vya shabaha vya greni 105, 1:8, si ile 1:10 ya kuwindia. Familia ya 6.5, 1:8; .308 kwa greni 168 na 175, 1:11 au 1:10, ingawa hata 1:12 hupata takriban 1.67 kwa greni 175; .300 Winchester Magnum, 1:10.

Mifereji mingi huzunguka kulia, nayo hukivuta kichwa kulia taratibu, kiasi cha sentimita 20 hivi kinapokaribia mita 900. Mifereji ya Lee-Enfield huzunguka kushoto, nayo hukivuta kushoto. Kwa mita 300 usijisumbue na jambo hilo.

Hatua ya tano: mtutu wenyewe na hewa ya chumvi

Kwa .308 na 6.5, mtutu wa inchi 24 ni wastani mzuri, na inchi 26 huongeza kasi kidogo. Unene una faida kwa anayepiga risasi nyingi mfululizo, kwa kuwa mtutu mwembamba hupata joto na kuhamisha mahali pa kupiga. Ukiishi karibu na bahari, chagua mtutu wa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na hata huo uupitishie kitambaa chenye mafuta kila baada ya matumizi, kisha uukaushe kabla ya kupiga tena. Risasi zisiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu baruti iliyopata joto huongeza shinikizo na kasi, na kundi la matundu hupanda juu bila sababu inayoonekana.

Hatua ya sita: pima msokoto kabla ya kulipa

Usitegemee kilichoandikwa kwenye karatasi. Hakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, toa komeo lake, kisha funga kitambaa kinachokaza kwenye ncha ya fimbo ya kusafishia yenye mkono unaozunguka wenyewe. Isukume ndani hadi kitambaa kishike mifereji, weka alama juu ya fimbo na nyingine mahali inapoingilia, halafu endelea kusukuma polepole hadi alama ya juu izunguke na kurudi juu. Umbali uliosogea ndio msokoto. Rudia mara tatu, kwa kuwa kitambaa huweza kuteleza.

Ukishapata bunduki, jaribu aina mbili au tatu za risasi kwa mita 100, kila aina katika makundi kadhaa ya matundu matano. Tazama umbo la matundu kabla ya kutazama ukubwa wa kundi: tundu la mviringo safi lina maana kwamba kichwa kimefika kwa ncha, na tundu lililorefuka upande mmoja lina maana kwamba kinayumba. Kisha rudia kwa mita 300 na kwa umbali wako wa mwisho, ukiandika katika daftari joto, mwinuko wa mahali, aina ya risasi na marekebisho ya darubini. Kichwa kinapokaribia kasi ya sauti, ambayo kwa joto letu ni karibu mita 349 kwa sekunde, hutikiswa upya. Kwa .308 ya greni 175 hali hiyo huja karibu na mita 900 hadi 1,000, kwa hiyo kundi likitawanyika ghafla kuanzia hapo ilhali kwa mita 700 lilikuwa limeshikana, tatizo halimo katika mtutu. Kaliba hiyo imefika mwisho wa masafa yake, na shabaha isogezwe karibu.